Kucheza Mbele ya Wageni Ni Kazi: Tulichoona kwa Batwa wa Kisoro

Ukipanda kutoka Kisoro, inchi ya Uganda, ukielekea milima ya moto, unafika ku mulango unaoitwa Ntebeko. Ni mulango wa parke ya Mgahinga. Hii parke ni ndogo, ina kilometa za mraba 33 na kitu. Kwetu Katanga kuko konsesioni za shaba zenye kupita ile mara kumi na zaidi. Lakini ndani yake kuko milima mitatu, Muhavura, Gahinga na Sabinyo, na kule juu ya Sabinyo njo mipaka ya Congo, Rwanda na Uganda inakutana. Kuko gorila pia, wenye watu wa kule wanaita ngagi, na ni juu ya gorila watu wanatoka Ulaya na Marekani na viatu vyao vikubwa vya kupanda mulima.

Tuanze na bei, juu sisi watu wa sendika tunaanza siku zote na bei. Kibali cha kukaa saa moja na gorila, kwa mugeni, ni dolari 800 Uganda tangu 2024. Rwanda ni dolari 1,500 tangu 2017. Saa moja. Kuko ndugu zetu wa sutretansi, wanaingia ku shimo saa kumi na mbili asubui na kutoka saa kumi na mbili ya mangaribi, na ile feza ya Rwanda hawaione hata kwa miezi mingi. Sisemi ni mubaya gorila kuwa na bei. Nasema feza iko mule musituni, na ni nyingi, na mutu anaweza kuuliza inapita wapi.

Ku mulango ule ule wanauzisha kitu kingine tena, njia ya Batwa. Ilianza 2011, mupango wa wakubwa wa parke pamoja na shirika la Batwa wenyewe linaloitwa UOBDU. Mugeni anatembea musituni saa kadhaa, waongozaji ni Batwa, na mulinzi wa parke anafuatana nao. Wanamuonyesha namna wazee wao walikuwa wanawasha moto kwa kusugua vijiti, namna ya kutega mutego wa paa, namna ya kutoa asali mu shimo la muti, majani ya tumbo, majani ya kidonda, kibanda cha kulala. Yote ni ya kuonyesha tu. Mutego haukamate kitu na upinde hauue kitu, juu kuwinda mu parke ni makosa na mutu anafungwa. Ni sawa vile kwetu ku mafunzo ya usalama wanatuzimisha moto wenye hauko, na kila mutu anashika ile chupa nyekundu kwa nguvu.

Ku mwisho wanakuingiza mu pango la Garama. Linaenda chini ya udongo metre mia mbili hivi. Giza nene. Wazee wanasema walikuwa wanakimbilia mule wakati wa vita na majirani. Basi umesimama mu ile giza, haujue mukono wako uko wapi, na wanawake wanaanza kuimba. Watalii wengine wanaogopa, wengine wanalia. Sisi watatu tulikuwa tunaguswa-guswa tu na viwiko: watu wa shimo tunajua giza ya chini, ile ya kweli, na tulijisikia kidogo sawa tuko nyumbani.

Tulikuwa tunatoka ku mukutano Kampala, mimi na wenzangu wawili wa sendika. Mumoja ni mutu wa Rutshuru, na anasikia Kifumbira juu kinafanana na Kinyarwanda. Yeye njo alitutafsiria. Bila yeye tungerudi na mapicha, kama wale wengine.

Sasa sikilizeni habari ya ule musitu. Batwa waliishi mule, wakiwinda na kuchuma, tangu zamani ya wazee wa wazee, mbele ya mukulima na mbele ya muzungu. Wazungu walikuja na kuweka alama ya akiba ya serikali, lakini Batwa walikuwa bado wanaingia na kutoka. Mwaka wa 1991 serikali ya Uganda ikafanya Mgahinga na Bwindi kuwa parke za taifa, na Batwa wakatolewa. Leo Batwa wa Uganda wote ni watu elfu sita hivi, na wengi hawana udongo wao. Wanakaa ku shamba la mutu, ku kipande cha kanisa, ku kipande cha shirika.

Kuko sehemu moja ya hii habari yenye kila mutu aliyehamishwa na sosiete ya madini kwetu ataelewa bila kufundishwa. Kisha kufunga musitu, malipo yalikuja. Walilipa nani? Walilipa zaidi wale waliokuwa wamekata musitu na kulima mashamba ndani. Mukulima alikuwa na kitu cha kuonyesha: shamba hili, nyumba hii, mistari ya viazi. Mutwa hakukata musitu. Hakuna alama aliacha. Mutu wa kuandika alipopita na karatasi yake alikuta miti tu, akaandika hakuna kitu. Aliyeharibu musitu akapokea feza, aliyeulinda akatoka mikono mitupu.

Na kwetu je? Sosiete inapopima mugini ili iuhamishe, wanahesabu nyumba, wanahesabu mitungulu na miembe. Mupangaji hapewe, ao anapewa kidogo. Mama aliyekuwa anauza chikwanga ku kona ya barabara, njia yake ya wateja hawaiandike popote. Muchimbaji wa mukono aliyekaa miaka kumi pale hana hata muti mumoja wa kuonyesha. Nimeona watu wakipanda mihogo usiku mbele ya watu wa kupima kufika, na wakubwa wakakasirika na kuita ile udanganyifu. Mimi naita ile kujifunza somo la Batwa mapema.

Batwa hawakunyamaza. Mu mwaka wa 2013 walipeleka serikali ya Uganda mbele ya Korti ya Katiba. Walingoja miaka munane. Mwezi wa 8, 2021, korti ikasema walitolewa bila malipo ya haki na kwamba wanapaswa kurekebishiwa. Serikali haikukubali, ikapeleka neno mbele zaidi, ku Korti ya Juu kabisa. Wazee waliokuwa na nguvu wakati waliweka vidole ku karatasi, wengine wamekufa.

Njia ya mu parke ilikwisha muchana. Yenye ilinifanya nishike kalamu ni mugini mumoja wenye tulipelekwa kisha, huku chini. Jina la mugini siliandike, wala jina la ofisi ya safari iliyotupeleka, juu wale watu wanakula bado ku ule mukono.

Gari inaingia, mutoto anapiga mulunzi. Watu wanatoka mu mashamba, wengine na jembe bado mukononi. Wanaingia nyuma ya kibanda, wanatoka wamevaa ngozi juu ya nguo zao. Ku mumoja nilikuwa naona chini ya ngozi jezi ya Arsenal. Wanapanga mustari, wanacheza. Wanacheza muzuri sana, hapo siweke shaka: udongo unatetemeka, wamama wanaruka na watoto mugongoni. Dakika makumi mbili. Bwana na bibi wazungu wanapiga video. Kisha ngoma inanyamaza ghafla, kitambaa kinatandikwa chini, vikapu na vinanda vidogo vinapangwa, na kila mutu anaangalia mifuko ya mugeni. Shofere wetu anatoa bahasha, anapatia bwana mumoja mwenye koti. Ule bwana si Mutwa.

Wazungu walirudi ku gari. Sisi tukaomba dakika chache. Mwenzetu wa Rutshuru akasalimia muzee mumoja vizuri, kwa mikono miwili, na tukakaa chini.

"Muzee, kwa kucheza vile, munapata ngapi?"

Akacheka. "Muulize mwenye koti."

Mama mumoja aliyekuwa anafunga vikapu akaingia mu maneno bila kuitwa. "Wageni wakikuja mara tatu, tunacheza mara tatu. Miguu ni ileile."

"Na malipo, mara tatu?"

"Malipo ni mangaribi. Wakati mwingine ya kununua viazi kilo mbili, wakati mwingine sabuni."

"Na siku wageni hawakuje, mama?"

"Tunalima viazi ya watu. Wanatulipa viazi."

Tukauliza kama kuna mutu aliwaambia ofisi ya safari inakamata ngapi kwa mugeni. Hapana. Kama wanaweza kukataa kucheza siku ya musiba. Muzee alifikiri. Akasema siku moja walikuwa na maiti ya mutoto mu mugini na gari ilifika. Walicheza. "Tulicheza polepole," akasema.

Nilienda kwa mwenye koti. Hakuwa mutu mubaya, alinipatia kiti. Alisema anatoa feza ya njia, feza ya mukubwa wa eneo, feza ya madaftari ya watoto, ile yenye kubaki anagawanya. Nikamuomba nione daftari ya mahesabu. Akasema iko nyumbani. Delege yeyote wa sendika anayesoma hapa anajua ile nyumba yenye madaftari yote yanakaa.

Lakini nisifanye sawa vile kila kitu ni wizi. Kijana mumoja aliyetuongoza mu parke alikuwa anasema maneno mengine kabisa. Yeye anajua ngapi inaingia na ngapi inabaki kwa Batwa, juu shirika ni lao na mikutano wanafanya. Anajua majina ya miti mu lugha ine. Nikamuuliza kama haone haya kujifanya muwindaji mbele ya watu wa simu. Akajibu: "Kama hii njia haiko, singekanyaga pale baba yangu alizaliwa. Watoto wangu wangejua asali ya duka tu." Na alipowasha moto kwa vijiti, moshi ulipotoka, alisimama wima sawa fundi aliyeunganisha mashine ngumu. Ile haikuwa ya kuigiza.

Kwa hiyo watu wanaoniuliza tangu nirudi, "ni muzuri ao ni mubaya kwenda kuangalia Batwa?", nawajibu kwa maswali ya kazi. Nani anashika daftari? Nani anapanga saa? Mutu anaweza kusema leo hapana bila kupoteza mahali pake? Pale majibu ni mazuri, enda, lipa bei yao, nunua kikapu usipunguze bei. Pale majibu iko nyumbani ndani ya daftari, bado unaweza kwenda, lakini patia feza mukononi mwa mama aliyecheza, na uliza kwa sauti mbele ya wengine.

Watu wetu wamecheza mbele ya wageni tangu zamani, na bila kontra. Mu 1897 mufalme Léopold II alipeleka Wakongomani 267 Ubelgiji na kuwaonyesha mu migini ya kujenga-jenga kule Tervuren, wazungu wakipita nyuma ya uzio. Saba walikufa, na makaburi yao iko mpaka leo kando ya kanisa la pale. Ota Benga, kijana Mumbuti, alipelekwa Marekani 1904 kwa maonyesho ya Saint Louis, na mu 1906 wakamuweka mu zoo ya Bronx, New York, mu nyumba ya nyani. Alijiua 1916. Hata mu 1958, miaka miwili mbele ya uhuru, ku maonyesho makubwa ya Bruxelles kulikuwa tena na mugini wa Kongo na mafundi wetu ndani, na watu wakawatupia ndizi. Wale mafundi walikasirika na wakarudi kwao mbele maonyesho kwisha. Mimi hawa wa 1958 nawaheshimu sana: ni kusimamisha kazi, hata kama hakuna mutu aliandika vile.

Na baba zetu, wakati wa Mobutu? Kila sosiete kubwa ilikuwa na kikundi chake cha animasio. Mukubwa anatoka Kinshasa, wafanyakazi wanatolewa ku ateliye, wanavaa vitenge vyenye sura yake, wanacheza ku jua masaa. Wengine walipenda, juu ilikuwa siku bila shimo. Mutu aliyekataa alijulikana. Waliokuwa watoto wakati ule mu kambi wanakumbuka nyimbo mpaka leo, na wakizianzisha ku musiba usiku wazee wanacheka, kisha wananyamaza.

Musifikiri ile imekwisha. Wakati sosiete inafungua masomo, ao kisima, ao centre ya afya, nani anaitwa mbele? Wacheza ngoma wa mugini ule uliohamishwa. Wanangoja tangu saa moja asubui, wakubwa wanafika saa tano na magari kumi. Wanacheza, wanapigwa picha, picha inaingia mu kitabu kizuri cha sosiete cha mwisho wa mwaka. Wanapewa Fanta na mukate. Mushereheshaji mwenye micro, yeye analipwa. Hema inalipwa. Hata mwenye kukodisha viti analipwa.

Sheria iko. Kode ya madini, ile iliyogeuzwa mwezi wa 3, 2018, inasema asilimia 15 za redevansi ziende kwa eneo la pale mugodi uko, na asilimia 0.3 ya mauzo ya sosiete iende ku kazi za maendeleo ya wenyeji. Kuko cahier des charges yenye inapaswa kujadiliwa na wenyeji wenyewe na kutiwa sahihi. Ni feza yao, si zawadi. Kisima chenye kufunguliwa kwa ngoma kimetoka mu haki yao, na bado wanakichezea sawa vile wamehurumiwa. Hapo njo nilikumbuka mwenye koti wa Kisoro.

Kwa Batwa wa inchi yetu kuko pia mambo ya kujua. Kule Kivu ya Kusini parke ya Kahuzi-Biega ilifanywa 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakatolewa, maelfu yao. Mu 2018 wengine waliamua kurudi musituni kwa nguvu, na damu ilimwangika, yao na ya walinzi. Kesi yao ilifika ku Tume ya Afrika ya Haki za Watu, na mu 2024 uamuzi ulitangazwa: Congo ilivunja haki zao, inapaswa kuwarudishia udongo, kuwalipa na kuwaomba musamaha. Mbele ya pale, mwezi wa 7, 2022, inchi yetu ilipata sheria namba 22/030 ya kulinda watu hawa. Kwetu upande wa Tanganyika wanaitwa Batwa ao Bambote. Wengine wako leo mu mashimo ya wachimbaji, wanabeba mifuko, na nimesikia kwa masikio yangu mukubwa wa shimo akisema "ule ni Mutwa, mupe nusu." Nusu ya mufuko uleule, mu mugongo wa mutu kama wewe. Kikundi cha wachimbaji chenye kina tabia ile kisitutumie barua ya kuomba musaada wa sendika mbele ya kurekebisha ile.

Ku mukutano wa komite yetu tulioufanya kisha kurudi, tuliandika mambo mawili. La kwanza, kila kikundi cha ngoma kinachoitwa na sosiete ku sherehe kiwe na bei iliyoandikwa mbele, na saa ya kuanza iliyoandikwa, na wageni wakichelewa saa inayopita ihesabiwe. La pili, mizigo ilipwe kwa kilo, si kwa kabila. Tulipopeleka la kwanza kwa mukubwa mumoja wa wafanyakazi, sosiete siitaje, aliuliza kama kweli tunataka kontra ya kucheza ngoma.

Tulimujibu ndiyo. Akasema atatuma kwa wakubwa wake, na barua ya kupokea alitia sahihi. Wamama wa kikundi cha ngoma ya mugini, wao, walikuwa wameshaweka bei yao tayari, na iko juu kuliko yenye sisi tulikuwa tumefikiri.